Gauni la Mteja Mwembamba

Njia ilikuwa nyembamba na imesimama wima, aliye katikati hana pa kugeukia. Katikati alikuwa yeye, fundi. Mbele yake kijana alipanda polepole, mkono mmoja mfukoni. Nyuma alikuwa Bi Mkubwa, mama wa kijana na mwenye duka la ushonaji, anahema lakini hanyamazi.

"Panda, mkwe wangu, panda. Maporomoko ya maji hayako mbali."

Mkwe, na hata kuulizwa hajaulizwa.

Wiki iliyopita Bi Mkubwa alimpa kitambaa cheupe kilichokwishakatwa, amshonee mteja mmoja mwembamba gauni la harusi. Fundi wa watu akashona kwa moyo mmoja, mpaka shanga za kola akaziongeza. Siku ya kujaribu, mteja hakutokea.

"Hebu livae wewe tulione," Bi Mkubwa alisema.

Likamkaa sawasawa, hakuna pa kubana wala pa kuachia. Wenzake walicheka hadi cherehani zikasimama. Yeye alitamani ardhi ipasuke.

Angekataaje? Bi Mkubwa ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na chumba anacholala ni cha Bi Mkubwa. Usiku kucha alikuwa amejizoeza kusema ndiyo bila kulia.

Kijana alisimama kufunga kamba za viatu. Kwenye kona iliyofuata akazifunga tena.

"Una nini leo?" mama yake alifoka. "Ungemchumbia palepale sebuleni, sote tumekaa. Unanipandisha milima na magoti haya."

"Nilisema ni kwenye maporomoko, mama," kijana alijibu bila kugeuka. "Mahali pengine popote siwezi."

Walipofika, maji yalinguruma mpaka kifua kikatetemeka. Bi Mkubwa akabaki kwenye jiwe kavu, simu juu, tayari kurekodi. Midomo yake ilionekana ikitoa amri, lakini sauti haikufika. Kijana akamshika fundi mkono, akamsogeza hadi maji yakawa yanawarukia. Akapiga goti. Akatoa kikasha chekundu.

Fundi akainama, ndiyo yake iko kwenye ncha ya ulimi.

Kijana akamfikia sikioni, machozi yanamtoka.

"Kataa, dada yangu, nakuomba," alisema. "Mimi mama simwezi, na hapa ndipo pekee asipoweza kutusikia."