Wazee Wawili wa Profesa Casimir

Profesa Casimir alichora msalaba mwekundu juu ya ukurasa wa arobaini, akafunua, akachora mwingine kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Wala hakuwa amesoma hata mstari mmoja.

Dorine alisimama mbele ya meza akitazama. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anasubiri kutetea mémoire, tasnifu yake ya historia. Shule moja ya Kinsevere ilimwahidi kazi ya ualimu, mradi alete diploma kabla ya Septemba. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Ilibaki sahihi moja tu, na mwenye nayo ni huyu.

Na huyu, jamani, alikuwa na mada kuu tano: Mamlaka, Kazi, Imani, Ndoa, Safari. Barua ya mmisionari, wosia wa fundi, kilio cha mjane, vyote alivipitisha humo kama unga kwenye chekecheke, na kilichobaki juu alikitupa. Kwa mada hizo alizilinganisha jamii mbili za Lubumbashi, watu wa Kasai na watu wa Maniema, akaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba ni mbingu na ardhi. Mkasai kwake ni kazi na vyeti. Mmaniema ni sala na biashara. Basi, kamaliza.

Ushahidi wake ulikuwa wazee wawili: Papa Élie, Mkristo wa Kasai, aliyehojiwa mtaa wa Bel-Air, na Mzee Amisi, Mwislamu wa Maniema, aliyehojiwa mtaa wa Annexe. Yeye mwenyewe hakumwona hata mmoja. Alituma wasaidizi na fomu, eti vumbi la huko linamletea mafua. Fomu ya Mkasai iliuliza habari za kazi, fomu ya Mmaniema iliuliza habari za sala, kisha profesa mzima akashangaa majibu yanatofautiana!

Dorine alifanya kosa la kusoma pembeni mwa fomu, mahali wasaidizi walipoandika yale ambayo wazee walisema bila kuulizwa. Papa Élie alilalamika kwamba mvua inaingia jikoni kwake. Mzee Amisi naye, jikoni kunavuja. Wote wawili walizika mke wakati wa baridi, na wote wawili walikuwa na mkwe asiyejua kusalimia. Dorine alilia aliposoma, akaandika kwenye mémoire kwamba mji huu umewafanya watu kuwa ndugu, wapende wasipende.

"Professeur, hawa bazee banafanana," alisema kwa sauti ndogo.

"Kufanana iko ya batu benye habana méthode," alijibu profesa, akafuta kalamu yake.

Alijua kudharau, hilo tusimnyime. Alimweleza Dorine kwamba hayo ya jiko na mkwe ni umbea wa sokoni, si historia. Tena, kwa kuwa mama huyu ni mbishi, wazee wote wawili wataletwa siku ya kutetea, watu waone kwa macho yao. Wakionekana tofauti, Dorine atarudia mwaka. Wakifanana, sahihi anaitia palepale. Dorine alikubali, maana mfa maji haachi kutapatapa.

Mwaliko mmoja ulipitia parokia ya Bel-Air, mwingine msikiti wa Annexe. Majibu yakaja mawili: asante sana, nitafika.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Profesa alivaa tai mpya. Alipanga viti viwili mbele, kimoja na karatasi ya JAMII YA KASAI, kingine JAMII YA MANIEMA, akaviachanisha mita tatu ili tofauti ionekane vizuri. Dorine alikaa pembeni amekumbatia faili lake, akimwomba Mungu wazee wafanane hata kwa kidogo tu, hata kwa kukohoa.

Gari lililotumwa Annexe kumchukua Mzee Amisi lilirudi tupu. Dereva alisema ameambiwa mzee ametoka tangu asubuhi. Profesa akacheka, akawaeleza watu kwamba hata kutokutunza saa ni chanzo cha historia, na mada yake anayo. Ukumbi mzima ulicheka naye. Dorine aliona kazi ya Kinsevere inakwenda hivyo.

Ndipo gari la Bel-Air likafika. Akashuka mzee mmoja mrefu, amevaa koti na tai ya kanisani, kichwani kofia ya msikitini, akasalimia watu safu kwa safu hadi mbele. Alivaa miwani, akasoma karatasi ya kiti cha kwanza. Akatembea polepole zile mita tatu, akasoma ya pili. Kisha akamgeukia profesa kwa heshima zote.

"Hawa bazee bote babili njo miye mumoja, Professeur. Nianze na kiti gani?"