Yai la Sajenti Clegg

Siku ile mjinga alikuwa Enoch Clegg, na siku hizi hata mwenyewe hakatai. Aliingia sinema ya Burnley na yai bichi mfukoni: yai lake la mgao wa wakati wa vita, la wiki nzima.

"Baba Edna, si ungelila tu?" mkewe Hilda alinong'ona.

"Atalila Ormerod. Kwa uso."

Mwaka 1916 Wilf Ormerod alikuwa askari chini yake, kule Ufaransa. Sasa, vita vya pili vikiwaka, alikuwa mchoraji wa katuni gazetini, ya Sajenti Sharubu, mbwatukaji asiyejua kushoto wala kulia. Mji mzima ulijua ni nani. Clegg akiingia baa, watu walisimama wima: "Saluti, Sharubu!" Naye kabla ya kujibu alipiga mguu wa kulia chini mara mbili, akafoka kwa pua, ndipo maneno yatoke. Kwamba Ufaransa alitangulia mbele ya mizinga, hakuna aliyetaka kusikia tena.

Miaka mitatu ya kejeli. Na sasa katuni imekuwa filamu, na Ormerod mwenyewe amekuja kuizindua.

Sharubu alipotumbukia kwenye pipa la uji, ukumbi ulilipuka. Clegg akalishika yai lake. Alicheka mara moja tu: pale nyumbu wa kikosi, mvuta mkokoteni wa mikate, alipogoma. Alipiga ukwato wa kulia mara mbili, akafoka kwa pua. Mzinga ulipolia, akajisokomeza chini ya mkokoteni, makalio nje. Clegg alicheka mpaka machozi. Hilda alitazama viatu vyake.

Taa zikawaka. Mlangoni Clegg alimzibia Ormerod njia, yai juu. Watu wakajaa kuwazunguka.

Akapiga mguu chini mara mbili. Akafoka kwa pua.

"Mshenzi wewe! Miaka mitatu unanichora bwege! Sharubu ni mimi, kataa mbele za watu!"

Ormerod akavua kofia, taratibu.

"Sharubu ni marehemu baba yangu, afande, alivyokuwa akitupigisha kwata jikoni. Lakini na wewe umo. Miaka ishirini na mitano nimengoja kukusikia ukijicheka, na leo nimekusikia."