Bega la Nne

Machela ilikuwa imeshateremka nusu ya mlima wa Rugerero, nchini Rwanda, kuelekea hospitali. Niyomugabo na majirani watatu walikuwa wamembeba mkewe, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, mkuu wa chama cha machela cha kijiji, ambacho wanachama wake hubebeana wagonjwa, alipowafikia akihema.

“Muweke chini. Huyu bwana yake iko mutu wa Tanzania, hayuko kwa chama yetu.”

“Mzee, mama yako nilimbeba mimi.”

“Ulijipendekeza. Nani alikutuma?”

Majirani wakatoa mabega, mmoja mmoja. Niyomugabo alibaki ameshika mti wake, bega lina sugu ya kubeba wagonjwa wao miaka miwili tangu ahamie hapo kutoka Tanzania.

Mke alizikwa Jumanne. Mtoto aliokoka. Niyomugabo alirudi naye Tanzania, kule wanakomwita Mnyarwanda. Mkuu alichaguliwa tena.