Ndala Mlangoni

Badi alipofumbua macho, baada ya homa ya uti wa mgongo kumlaza hoi, ukoo mzima ulijaa chumbani kwake hospitalini. Shangazi akamkanda miguu, majirani wakampepea, wote wakimwita asije akalala tena. Mama yake, Mwanakheri, ndiye aliyeita kwa sauti kuliko wote.

Daktari akamvuta pembeni, akamwonyesha chupa ya dripu.

"Vijidudu tumevimaliza, mama. Ila askari wa mwili wake waliokwenda kupigana navyo bado wamejazana kichwani. Ndio wanaouvimbisha ubongo. Dawa hii ni ya kuwatuliza."

"Askari wake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe. Wanadhani wanamsaidia."

Mwanakheri akageuka kutazama kitanda. Badi alikuwa amekunja uso, machozi yakimtiririka.

Kwao hakuna anayemwambia mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aondoke. Mwanakheri akatoka kimya, akainama mlangoni, akaanza kuzigeuza ndala walizozivua wageni, jozi kwa jozi, zielekee nje. Shangazi akaona. Akauachia mguu wa Badi, akajitanda mtandio wake, na wengine wakamfuata.

Chumba kikatulia. Mlangoni zikabaki ndala za Mwanakheri peke yake, bado zikielekea ndani. Akasimama akizitazama, jina la mwanawe likiwa bado mdomoni.