Milio ya Mageti

Kwenye televisheni, Wazungu wawili waliovaa mabuti ya mpira walizungumza mbele ya geti bovu, mvua ikiwanyeshea, na fundi friji akajua leo anaumbuka.

"Wanasema nini?" baba mkwe wake aliuliza.

Mzee alikuwa kwenye kochi, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na daktari alitaka zipite siku kumi ndipo afunguliwe. Binti yake, mke wa fundi, alishinda kazini benki. Karakana ya fundi ilikuwa hapo hapo barazani, kwa hiyo kazi ya kumliwaza mgonjwa ilimwangukia yeye.

Kwa miaka minne alikuwa amemkwepa mkwe huyu. Kila mzee alipokuja kuwatembelea, lazima friji la mtu fulani liharibike ghafla upande wa pili wa mji. Sababu ilikuwa moja. Siku alipokwenda kujitambulisha, mzee, mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini na moja, mtu aliyewahi kusoma Uingereza kwenyewe, aliuliza swali moja tu: kijana anajua Kiingereza?

"Kama maji, Baba," binti akajibu haraka, mapenzi yakiwa yamemzidi.

Fundi alijua yesi, no, thenkiu, na maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa kompresa. Na mzee hakuwa na subira na waongo. Aliwahi kununiana na ndugu yake wa tumbo moja miaka sita kwa uongo mdogo kuliko huo.

Sasa mtihani ndio huu. Fundi alikuwa akitafuta mechi ya mpira tu, lakini upepo ulikuwa umelipinda dishi, na mechi ikageuka kuwa hawa jamaa. Mvua, chai kwenye chupa, mvua tena: Uingereza hiyo, nani asiyejua? Alitega masikio apate walau yesi moja ya kushikilia. Hakuipata. Kiingereza cha wenyewe, akajiambia, si kile cha vitabuni.

"Yule mrefu anasema..." Mrefu alitoa kinasa sauti mfukoni, akalisukuma geti. Kriiii. Mfupi akafumba macho kwa raha. "Anasema hii ndiyo sauti aliyoitafuta siku zote. Hawa watu, Baba, wanakusanya milio ya mageti."

"Mageti?"

"Mabovu. Zima hawalitaki."

Fundi alisubiri kukosolewa. Badala yake mzee alicheka mpaka akashika bandeji zisimtoke.

Wakaanza hivyo. Kila siku ikifika saa kumi, fundi alinawa mikono, akaacha mafriji ya watu yasubiri, akakaa kochini. Kilikuwa kichekesho cha ajabu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyezabwa kofi. Ni wanaume wawili, daftari, matope, na geti la leo. Maneno aliyatia fundi. Mfupi anampenda mama wa posta lakini hajui aanzie wapi. Mke wa mrefu ameapa kuyapaka grisi mageti yote ya wilaya, aone mumewe atakwenda wapi. Na kwa masikio yake yaliyozoea kusikiliza friji linalougua, alimweleza mzee bawaba ipi imekauka na ipi imelegea, na hapo walau hakudanganya.

"Mimi, mwanangu, sishiki hata neno moja," mzee alisema siku ya nne. "Bila wewe ningesikia mvua tu."

Fundi alimtazama. Miaka thelathini na moja ubaoni, halafu uzee unakuja kukukomba lugha yote? Au anategwa? Uso ule nusu bandeji haukusema kitu. Mzee alisogeza kikombe chake, akauliza kama mama wa posta ameshajibu barua ya mfupi.

Kufikia siku ya nane fundi alikuwa amempenda mkwe wake, na hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma. Kumdanganya mtu unayemkimbia ni rahisi. Huyu sasa alikuwa akimsubiri kila saa kumi, amemwekea na mto wa kuegemea.

Siku ya kumi bandeji zilitolewa asubuhi. Saa kumi mzee alikuwa kochini, miwani myeusi usoni, akilitazama geti kwa macho yake mwenyewe. Binti alikuwa na ruhusa siku hiyo. Alileta chai, akasimama nyuma yao.

Kwenye televisheni, mfupi alikuwa hatimaye amemleta mama wa posta kondeni.

"Anamwambia, nimerekodi mageti mia mbili," fundi alitafsiri, jasho likimtoka, "lakini hakuna hata moja lenye sauti ya..."

Akageuka kidogo, akatazama nyuma. Mkewe alikuwa ametoa macho. Aliangalia televisheni, akamwangalia mumewe, akaangalia tena televisheni. Birika lilikuwa limebaki hewani. Akafungua mdomo kusema.

Fundi akaona heri ajitaje mwenyewe kabla hajatajwa.

"Baba, nisamehe. Kuna jambo nilipaswa kukwambia zamani. Kiingereza changu..."

"Kiingereza kimeingiaje hapa?" mzee akamkatiza, bila kuondoa macho kwenye geti. "Hawa ni watu wa Wales. Ni hukohuko Uingereza, lakini wana lugha yao. Nilikaa kwao mwaka mzima, nikaondoka na salamu tu."

Kisha akamgeukia binti yake, uso umemjaa fahari.

"Na wewe nawe! Uliniambia mumeo anajua Kiingereza. Mbona hukuniambia anajua na Kiwelisi?"