Kontena la Mabati

Kontena la taka lilikodiwa kwa ajili ya mabati ya zamani, lakini mtaa mzima ukalivamia kutupa makorokoro yao. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Jirani, si umtupe na mumeo humo!"

"Hatoshi, shoga, kitambi chote kile!"

Ndipo bintiye akatoka ndani, amebeba kitanda cha mtoto kikiwa bado kimefungwa nailoni ya dukani.

"Mwanangu, hicho ni kipya."

"Najua, mama. Daktari kasema tusisubiri tena mtoto."

Akakilaza taratibu juu ya magodoro yaliyochakaa, akaifuta nailoni vumbi kwa kiganja.

Kule juu ya paa, fundi aliyekuwa akiezua nyumba alikuwa ameshainua bati, usawa wa kontena. "Mama, niliachie?"

Mama akanyoosha mkono kumzuia.

"Liachie tu, fundi," binti akajibu.

Mama akaziba masikio.