Kikapu cha Udongo

Aikande alishuka kwa jirani yake wa bondeni na kikapu kitupu, mkononi ameshika jani la sale, kama ilivyo desturi ya anayeomba radhi.

"Baba Ndesario, mvua ya jana imeleta udongo wangu kwako. Naomba niuchukue."

Mzee aliyatazama matope yaliyofunika maharage yake. "Majani ya tembo yaliyouzuia uliyang'oa mwenyewe, upate mstari mmoja zaidi wa mahindi. Nilikukataza."

"Ulinikataza, baba."

Mzee alilipokea lile jani. "Haya, chota."

Aikande akajaza kikapu, akajitwisha, akaanza kupanda. Kule juu shamba lilibaki mwamba mtupu. Katikati ya mteremko manyunyu yakaanza. Akakaza mwendo. Maji mekundu kutoka kikapuni yakamtiririka usoni, yakadondokea nyayo zake, yakarudi bondeni.